Kabla ya Kununua Kasi Zaidi, Tugawane Iliyopo kwa Haki

Ikifika saa mbili usiku, katika nyumba nyingi za mijini swali lile lile hupigwa kutoka chumba hadi chumba: nani anamaliza intaneti? Hakuna anayekiri. Televisheni ya sebuleni inaonyesha filamu, kijana amejifungia chumbani na mchezo wake, kompyuta ya baba iko mezani imewashwa bila mtu, na binti mwenye kazi ya shule ya kuwasilisha kabla ya saa sita anatazama kiduara kikizunguka kwenye kioo. Manung'uniko yakizidi, lawama humwangukia asiyekuwepo, yaani kampuni. Kesho yake mkubwa wa nyumba anapiga simu, anaambiwa kifurushi cha juu kipo, analipa. Mwezi haujaisha, swali limerudi.

Nimeliona hili kwa jamaa, kwa marafiki na kwa majirani, Mombasa na Nairobi, katika nyumba zilizojaliwa na katika nyumba zinazohesabu kila shilingi. Kila nikilitazama nazidi kuamini kwamba nyumba nyingi hazikupungukiwa na intaneti. Zimepungukiwa na utaratibu wa kuigawana. Laini inayolipiwa kwa fedha za nyumba ni mali ya nyumba nzima, na mali ya wote isipowekewa kanuni huishia mikononi mwa mwenye nguvu. Kampuni zina makosa yao, nami nitayataja. Lakini kabla ya kulipia kasi zaidi, tuna wajibu wa kugawana kwa haki ile tuliyo nayo.

Ruta haimjui mtu

Wanaokumbuka kompyuta za mwishoni mwa miaka ya 1990 wanajua tulikotoka. Windows 98 toleo la pili, lililotoka mwaka 1999, liliiwezesha kompyuta moja iliyounganishwa na laini kuzigawia nyingine intaneti. Sharti lilikuwa hiyo moja isizimwe. Ikizimwa, zote zimekatika. Leo kazi hiyo inafanywa na ruta. Kwa nje, nyumba nzima huonekana kwa anwani moja. Kwa ndani, ruta hukipa kila kifaa anwani yake ya faragha, tuseme 192.168.1.5 kwa kompyuta ya mama na 192.168.1.6 kwa ya mtoto, kisha hukumbuka nani aliomba nini ili jibu likija lifike panapohusika. Ujanja huu si mdogo. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na Februari 2011 akiba kuu ya kimataifa iligawiwa ikaisha. Kama kila kompyuta, simu na televisheni ingelazimika kuwa na anwani yake ya nje, wengi wetu tungekuwa bado tunasubiri zamu.

Lakini kugawa anwani si kugawa haki. Ruta ya kawaida haijui kwamba huyu ni mwanafunzi na ule ni mchezo unaopakua sasisho. Inachokiona ni miunganisho tu, na kila muunganisho huvutia upande wake. Programu ya kupakua mafaili inaweza kufungua miunganisho ishirini kwa mpigo, ilhali mwanafunzi anayefungua maelezo ya mwalimu ana mmoja. Laini ikijaa, mwenye ishirini huondoka na fungu kubwa na mwenye mmoja huachiwa makombo. Mtoto wa Pwani anapoketishwa kwenye sinia la pilau hufunzwa mapema kula upande wake, asivuke kwenda kuchota nyama iliyo mbele ya mwenziwe. Ruta zetu hazijafunzwa adabu hiyo, na nyumba inayoziachia uamuzi imekubali kuishi kwa sheria ya mwenye nguvu mpishe.

Kuna pia dhara jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni foleni. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys wa Bell Labs, Marekani, alikuwa akituma shehena ya mafaili kutoka nyumbani kwake, akaona shughuli nyingine zote za mtandao pale nyumbani zinakwama. Alipochunguza aligundua kwamba vifaa vya mtandao vimewekewa nafasi kubwa mno za kusubiria, hivyo data zinarundikana humo badala ya kupita. Ndiyo sababu simu moja inayopakia picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni yaweza kuuvuruga mkutano wa video wa mtu aliye chumba cha pili. Mwenye simu amelala. Hajui kama kuna mtu anateseka kwa sababu yake.

Tufanye hesabu

Tukisikia megabiti kumi wengi wetu hudhani ni megabaiti kumi. Baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde hubeba megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, kwa hiyo faili la gigabaiti moja litachukua zaidi ya dakika 13 hata kama nyumbani hakuna mtu mwingine. Asiyejua hesabu hii atadhani ameibiwa, na kila siku atadai kisichokuwemo kwenye mkataba wake.

Sasa tugeuze upande wa pili. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa filamu ya ubora wa 1080p, na 15 kwa ile ya 4K. Mkutano wa video hutosheka na kama megabiti tatu. Kujaza fomu, kusoma maandishi na kutuma barua pepe ni chembe tu. Kwa hivyo laini hiyo hiyo ya megabiti 10 yaweza kubeba filamu ya sebuleni, mkutano wa mama na fomu ya mtoto, vyote kwa pamoja. Katika nyumba ya pili, televisheni ikiachwa ijichagulie 4K, laini kama hiyo haitoshi hata kwa filamu hiyo peke yake. Tofauti ya nyumba hizi mbili haikuletwa na pesa. Imeletwa na mtu mmoja aliyeingia kwenye mipangilio ya televisheni akachagua ubora unaolingana na laini yake.

Kadhalika masasisho ya kompyuta. Nyumba yenye kompyuta nne hupakua sasisho lile lile mara nne, mara nyingi jioni, saa ambayo watu wote wamerudi. Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoziruhusu kompyuta za nyumba moja kupeana sasisho zenyewe kwa zenyewe, likishapakuliwa na moja. Ni nani ametuonyesha? Ni nyumba ngapi zimepandisha kifurushi kwa kukosa mambo madogo kama haya? Nyongeza hiyo ya kila mwezi ingekuwa unga, ingekuwa nauli ya mtoto, ingekuwa sehemu ya karo.

Kabla ya kupandisha kifurushi, tazama pia kisanduku cha ruta kimewekwa wapi. Fundi huja, hukifunga karibu na mahali waya ulipoingilia, mara nyingi nyuma ya televisheni au pembeni mwa mlango, kisha huondoka. Mawimbi ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini hayapendi kuta za mawe. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila katika jengo la ghorofa kila jirani anayatumia na yanagongana. Hamishia ruta katikati ya nyumba, mahali pa juu. Kompyuta ya mezani isiyohama ichomekewe waya, maana ruta nyingi zina matundu ya waya ambayo hayajawahi kuguswa. Kila kifaa kinachohamia kwenye waya kinawaachia wengine nafasi hewani.

Saiba zilijua kugawa

Hatukuanza kugawana leo. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kufika kwenye intaneti ya dunia, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Mwaka huo mikongo ya chini ya bahari ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na mwaka uliofuata EASSy ikaanza kazi. Kabla ya hapo, na kwa miaka kadhaa baadaye, wengi wetu tulikutana na intaneti ndani ya saiba: kompyuta nyingi, laini moja nyembamba, na msimamizi aliyeketi karibu na mlango.

Msimamizi yule alikuwa na mamlaka. Aliona kwenye kioo chake kila kompyuta na dakika zilizosalia. Aliyepakua filamu huku wenzake wanatuma maombi ya kazi aliambiwa aache au aondoke. Kanuni zilibandikwa ukutani, na mwanafunzi, mfanyabiashara na mzee aliyemwandikia mwanawe aliye Uarabuni waliketi chini ya kanuni hizo hizo. Watu walilalamika, lakini kila mmoja aliondoka na dakika alizolipia.

Faiba ilipofika majumbani tulichukua kisanduku, kanuni tukaziacha saiba. Hakuna tena anayeona nani anatumia nini, na hakuna mwenye mamlaka ya kusema basi. Wengine watasema nyumba si duka, haifai kuhesabiana. Nakubali haifai kuhesabiana. Lakini nyumba zetu hazijawahi kukosa kanuni: nani anaanza kuoga asubuhi, nani anapika lini, taa zinazimwa saa ngapi. Mbona kitu kinachobeba masomo, kazi na kodi ndicho tumekiacha kijiongoze?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Mgawanyo mbaya hauumizi wote sawa. Tazama jioni ya nyumba ya kawaida. Mvulana akirudi shuleni hufungua kompyuta. Dada yake huenda jikoni. Anapomaliza kuosha vyombo ni saa tatu, saa ambayo laini bado imebanwa, naye ndiyo kwanza anaketi na kazi yake. Hakuna aliyekusudia kumnyima. Amenyimwa na mpangilio ambao hakuna aliyeupanga. Yupo pia mama anayefanya kazi za mtandaoni, anayengoja watu walale ili mkutano wake usikatike, na asubuhi anaamka kabla ya wote. Yupo dada wa kazi, ambaye mara nyingi hapewi hata nywila, ilhali watoto wake wako kijijini na nyuso zao angeziona kwa dakika chache za video.

Madhara yake hayaishii kwenye hasira. Siku hizi maisha ya Mkenya yanapita kwenye laini hii. Anayetafuta pasipoti anaingia eCitizen. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne anachagua kozi kupitia tovuti ya KUCCPS, na anayehitaji mkopo anaomba HELB. Juni 30 ikikaribia kila mwenye PIN ya kodi anakimbilia iTax. Milango hii ina tarehe za kufungwa, na haimuulizi mtu kama kaka yake alikuwa anacheza. Fomu iliyochelewa kwa usiku mmoja yaweza kuwa mwaka mzima wa kungoja.

Kwa hiyo napendekeza kila nyumba ikae kikao, watoto wakiwemo. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, masomo na kazi vitangulie. Filamu ishushwe ubora, michezo isubiri kupakua. Anayepakia picha au kupakua sasisho kubwa aiache kazi hiyo ipite usiku wa manane. Zamu za jikoni zipangwe ili asiwe mtu yule yule anayepoteza saa nzuri kila siku. Mtu mmoja, na si lazima awe baba, apewe ufunguo wa mipangilio ya ruta na wajibu wa kuitunza. Ruta nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa, na kikomo hicho kina haki kuliko kelele. Mzazi anayehofia watoto wadogo anaweza kubadilisha DNS, yaani huduma inayotafuta anwani za tovuti, kwenye ruta mara moja tu: huduma ya Cloudflare ya 1.1.1.3, iliyoanza Aprili 2020, huzuia tovuti za ngono na zile hatari kwa kila kifaa kinachofuata mpangilio huo wa ruta. Na nywila aliyoacha fundi ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Msomaji atauliza, watoto watakubali? Watoto hukubali kanuni inayomfunga na mkubwa pia. Baba akishusha ubora wa mechi yake ili binti awasilishe kazi, hatahitaji kupiga kelele tena.

Jirani naye?

Nje ya mlango kuna swali gumu zaidi. Katika ploti yenye vyumba kumi, kila chumba kulipia laini yake ni mzigo usio na maana. Wapangaji wengi wameshalimaliza hili kimyakimya: mmoja analipia, wenzake wanachanga, nywila inapita. Kizuri kula na nduguyo, nami siwezi kuwalaumu. Mama mjane wa chumba cha mwisho aliyepata intaneti kwa mchango mdogo hajamwibia mtu.

Hata hivyo tusijidanganye kuhusu hatari zake. Kwa nje ploti nzima inaonekana kwa anwani moja. Mmoja akitapeli watu au akitukana mtandaoni, uchunguzi utaanza kwa yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba. Mikataba mingi ya laini za nyumbani hairuhusu kuuza tena huduma, na anayeingia kwenye mtandao wa mwenzake bila idhini anavunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018. Tena kuna fedha. Mchango usioandikwa ndio unaovunja ujirani: huyu amelipa, yule anadaiwa miezi miwili, na laini ikikatwa wote wanamtazama mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wapangaji wanaochanga waandike nani amelipa, watumie mtandao wa wageni uliotengwa na kompyuta za mwenye laini, na wakubaliane mapema nini kitatokea mtu akikosa.

Njia iliyo safi zaidi ipo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya jamii, yaani mitandao inayomilikiwa na kuendeshwa na wakazi wenyewe. Kule Kibera, TunapandaNET imeonyesha kwamba vijana wa mtaa wanaweza kufunga minara yao midogo na kuunganisha shule na vituo vya jamii. Kwa nini ploti, chama cha akina mama au ushirika wa mtaa usifuate njia hiyo? Kugawana tunajua. Kinachotupungukia ni karatasi zinazotulinda tunapogawana.

Kampuni na wenye nyumba nao wawajibike

Nilisema nitayataja makosa ya kampuni. La kwanza ni kumfanya mteja aamini kwamba kilichoingia kwake ni chake peke yake. Katika teknolojia ya faiba ya majumbani inayotumika sana duniani, uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Kampuni yenyewe inaishi kwa kugawa. Hata mataifa yanagawana: mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika Mei 12, 2024, nchi za Afrika Mashariki zilibanana kwenye njia zilizobaki, na kila aliyekuwa mtandaoni siku hiyo alihisi. Kugawa si aibu. Aibu ni kuficha. Kila kampuni iseme wazi kasi ambayo mteja ataipata saa mbili usiku, si ile ya juu kabisa ya alfajiri.

La pili ni ubora wa visanduku vyenyewe. Tatizo la foleni aliloligundua Gettys lina dawa. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya CoDel inayozuia data kurundikana, na ilipounganishwa na njia ya kuipa kila safari ya data zamu yake, ikawa mojawapo ya dawa bora za mgawanyo wa nyumbani. Imo katika OpenWrt, programu huria ya ruta inayopatikana bila malipo. Kwa nini basi mteja apewe ruta isiyoijua? Na kwa nini ukurasa wa mipangilio uandikwe kwa Kiingereza cha wahandisi, bila hata neno moja ambalo nyanya anayewalea wajukuu atalielewa? Kampuni inayojua kutuma matangazo kwa Kiswahili fasaha inaweza kuandika kwa Kiswahili hicho hicho namna ya kuweka kikomo cha kasi.

La tatu ni kukosekana kwa vifurushi vya ploti. Ikiwa kampuni inajua kwamba wapangaji wanachanga, na inajua, basi iwauzie mkataba wa kuchanga, kila mpangaji na fungu lake na jina lake. Mwenye nyumba anayepandisha kodi kwa sababu jengo lina faiba naye aweke njia za waya hadi kila mlango, badala ya kuacha mafundi watoboe kuta ovyo.

Serikali ina nafasi yake pia. Imehamishia huduma zake mtandaoni. Basi ihesabu laini ya nyumbani miongoni mwa mahitaji ya familia, na Mamlaka ya Mawasiliano ilinde mteja wa megabiti 10 kwa bidii ile ile inayomlinda mwekezaji wa mkongo.

Lakini hakuna kampuni wala wizara itakayoingia chumbani kumwambia kijana aachie laini ili dada yake asome. Hilo ni letu. Watu wasioweza kugawana megabiti kumi kwa haki hawatagawana mia vizuri zaidi. Mwenye nguvu atachukua tisini badala ya tisa, na bili itakuwa imepanda. Ndiyo maana kikao cha nyumbani kitangulie ile simu kwa kampuni. Tukishagawana kwa haki na bado pakapungua, hapo tutakuwa na sababu ya kudai zaidi, na tutajua hasa tunachodai.